Refa na Pakiti Zenye Njaa

Kama ningepewa nafasi ya kurudia siku moja tu ya uzee wangu, ningerudia ile Jumatano niliyotia sahihi kanuni za watu wa Homa Bay. Walikuwa watatu, wenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri, na walikuja Migori na karatasi moja yenye kanuni saba za mashindano ya karata. Sita hazikuwa na neno. Ya tano ilisema hivi: mchezaji atakayefika na pakiti isiyotimia, au iliyochanganywa na karata za pakiti nyingine, hataruhusiwa kucheza. Nilijua kanuni hiyo ingemuumiza nani. Nilijua pia kwamba nikikataa hakutakuwa na mashindano ya kaunti mbili, wala mimi, mwenyekiti wa wachezaji wa Migori, sitaitwa mwenyekiti wa kaunti mbili. Nikaomba kalamu. Hawakunilazimisha. Hata chai walikuwa hawajamaliza.

Aliyeumizwa ni refa wetu. Jina lake sitaliandika, maana hapa mjini hakuna aliyelitumia. Hata wazazi waliokuja kushonesha sare za shule walichungulia mlangoni na kuuliza, "Refa yuko?" Alikuwa fundi wa nguo, mama mwembamba mwenye sauti iliyomzidi mwili, na tepu ya kupimia haikumtoka shingoni. Kila Jumapili alasiri, kwa miaka kumi na mmoja, alisukuma vyerehani vyake viwili ukutani, akatoa meza nne barazani, nasi tukacheza poka.

Msomaji wa mbali asishtuke. Poka yetu si kamari. Ni mchezo wa kumaliza karata: unaweka yenye alama ileile au namba ileile na iliyo mezani. Mbili na tatu humlisha jirani yako, yaani humwokotesha karata, jeki humruka, na ukiona zamu ijayo utamaliza, lazima utangaze, "Niko kadi!" Ukisahau, unaokota huku baraza zima linakucheka. Mshindi wa mwezi alipewa jogoo, naye mara nyingi alimpikia kila mtu.

Baraza lilikuwa na desturi moja. Mgeni huja na pakiti yake mwenyewe, na mchezo wake wa kwanza huchezwa kwa pakiti hiyo, kwa sababu mtu akishika karata anazozijua mikono haimtetemeki. Taabu ni kwamba pakiti za nyumbani haziwi nzima. Karata hupotea chini ya vitanda, watoto huzitafuna, nyingine huandikwa namba za simu. Kwa hiyo karibu kila mgeni alifika na pakiti ambayo mahali pengine popote angerudishwa nayo.

Refa aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake. Kisha aliugeukia ukuta, akalipa mgongo baraza, akahesabu. Hakuna aliyeuona uso wake wala karata. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajificha hivyo.

"Umaskini wa mtu hauhesabiwi mbele ya watu," akasema. "Wewe ungependa nikupime kiuno sokoni?"

Akimaliza kuhesabu alisema, bila kupandisha sauti, "Pakiti hii ina njaa kidogo." Hapo alifungua kopo la majani ya chai alimoweka mabaki ya pakiti zilizokufa, akatoa kilichopungua: sita ya kopa, kwini ya maua, chochote kile. Bila shaka karata hizo zilikuwa na mgongo tofauti. Nyekundu ikiingia kati ya bluu, kila mtu anaiona iko mkononi mwa nani, na mchezo unaharibika. Refa alikuwa na dawa. Karata ya mgongo tofauti haifichwi. Atakayeipata anailaza wazi mbele yake, wote waione, mpaka atakapoicheza. "Huyu ni mgeni," alikuwa akisema, akiigonga kwa kidole. "Mgeni hafichwi."

Usidhani ni jambo dogo. Mezani kukiwa na karata tatu za wazi, mchezo mzima hubadilika. Unajua jirani yako ana tatu ya uru inayokungoja. Yeye anajua kwamba unajua. Mnaanza kubembelezana, kutishana, kupeana ahadi ambazo hakuna atakayezitimiza. Yule mgeni, aliyefika akiona haya kwa pakiti yake mbovu, anagundua kwamba ubovu wake ndio uliotuletea utamu. Wengi walirudi Jumapili iliyofuata na wajomba zao.

Mimi mwenyewe niliingia hivyo. Mke wangu alikuwa amefariki, watoto wako mbali, na nilikuwa nimestaafu ukarani katika ghala la mahindi. Jumapili baada ya misa sikujua pa kuweka miguu yangu. Nikachukua pakiti iliyokuwa kabatini, nikaenda. Refa akageukia ukuta, akahesabu, akahesabu tena.

"Ndugu, hapa zimepungua nne."

Nikakumbuka. Marehemu alikuwa amezikunja akazitia chini ya mguu wa kabati lisiyumbe. Nikamwambia. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Basi hizo ziache hapo hapo," akasema. "Zina kazi." Akafungua kopo.

Siku hiyo nilicheza na karata nne za wazi, nikashindwa vibaya, nikarudi nyumbani nikala chakula chote nilichojipikia. Tangu hapo sikukosa Jumapili. Kwa hiyo mtu asije akasema sikuelewa maana ya kanuni ya tano. Niliielewa kuliko mtu yeyote aliyekaa barazani pale.

Wageni niliowaona wakipokelewa ni wengi, na ningeweza kukesha nikiwasimulia. Kuna mvuvi aliyetoka visiwani kuuza samaki, akaja na pakiti iliyovimba kwa maji ya ziwa mpaka haikuingia tena katika boksi lake. Refa alivuta tepu shingoni akaipima unene.

"Ndugu, hizi ni karata au chapati?"

"Mama, mtumbwi ulivuja."

"Na saba ya kopa iko wapi?"

"Hiyo sijui. Labda mbuta ameimeza."

"Basi mbuta yuko kadi," akasema Refa, na baraza likacheka mpaka mwenye kinu jirani akazima mashine aje kuona kuna nini.

Kuna kijana wa bodaboda aliyeleta pakiti yenye kingi sita. Sisi wengine tulianza kunong'ona kwamba huyu ni mwizi. Refa akainua mkono tunyamaze.

"Mathe, mimi sikujua, naapa," kijana akasema. "Niliuziwa tu hivyo na msee wa stage."

"Nimekuamini. Mwizi angeongeza kingi moja. Anayeongeza mbili ameuziwa." Akatoa mbili akazitia koponi. "Pakiti yako haina njaa, imevimbiwa. Keti."

Alikuwa na maneno ya namna hiyo, na hakuyatafuta, yalimtoka tu sindano ikiwa mdomoni. Mtu akijisifu kwamba hajashindwa mwezi mzima, alimwambia, "Omera, hata jogoo wa zawadi aliwika asubuhi." Wawili wakigombana, hakuuliza nani ana haki. Aliuliza, "Nani ameketi na njaa?" na mara nyingi alipatikana mmoja ambaye hakula mchana, akaletewa mandazi, na ugomvi ukaisha.

Asifikiriwe kuwa malaika. Mwenye pakiti mbovu alimhurumia, lakini aliyechelewa hakumhurumia hata kidogo. Saa tisa kamili alivuta meza ya mlangoni akaziba njia, na ukifika saa tisa na dakika tano ulitazama mchezo ukiwa umesimama barabarani, uwe mzee wa kanisa au chifu. Lakini suruali yangu ya kijivu niliyompa aipunguze ilikaa kwake miezi miwili.

"Refa, suruali yangu?"

"Iko njiani."

"Njiani kutoka wapi, na cherehani ndiyo hii?"

"Mwenyekiti, hata wewe mama yako alikungoja miezi tisa na hakupiga kelele."

Gauni lake mwenyewe lilifungwa kwa pini begani tangu nilipomfahamu. Fundi wa mtaa mzima, na kifungo chake hakukishona.

Kisha kuna jambo la dini. Alikuwa Msabato kweli kweli. Jumamosi duka lilifungwa, naye aliimba sauti ya pili kwaya yao ikiwa na sare aliyoishona yeye, kwa kuchelewa. Na katika miaka yote ile hakucheza karata hata mkono mmoja.

"Kucheza karata si kuzuri," alituambia huku akizichanga kwa ustadi ambao sijauona tena.

"Na kuchanga je?"

"Kuchanga ni kazi ya mikono. Kazi ya mikono imebarikiwa."

Mchungaji wao alipata habari akaja Jumapili moja kumwonya. Alimkuta akiamua kesi ya watu wawili waliodai kila mmoja ametangaza "niko kadi" kwanza. Mchungaji akaketi kungoja amalize. Baada ya nusu saa tulimsikia akimuuliza jirani yake kwa sauti ya chini, "Huyu mama mbona amerukwa, na jeki ilikuwa ya yule?" Hakumwonya siku hiyo, wala siku nyingine. Refa alisema tu, "Amekuja kutafuta kondoo, amepata mbuzi, lakini amehesabu."

Nilimuuliza mara moja kwa nini hasa anajisumbua na sisi. Alikuwa anakata kitambaa, hakuinua macho. Akasema alipofika Migori kutoka kwao, msichana anayetafuta kazi ya ushonaji, fundi wa kwanza alimwambia aonyeshe mkasi wake. Wake ulikuwa na kutu na ncha moja imevunjika. Fundi akauinua juu wengine wauone. "Walicheka siku nzima," akasema. "Mkasi ulikuwa wa mama yangu." Kisha akaniuliza kama nataka mfuko wa nyuma uwe mmoja au miwili, na sikuwahi kumsikia akilirudia.

Hayo yote niliyajua nilipoomba kalamu. Na si kutia sahihi tu. Nilirudi nyumbani na sikumwambia. Jumapili mbili zikapita, nikala mandazi yake, nikanyamaza. Nilijidanganya kwamba nangoja wakati mzuri. Kanuni alizikuta zimebandikwa ukutani asubuhi ya mashindano yenyewe, katika ukumbi tulioukodi hapa Migori, akazisoma akiwa amesimama na kopo lake kwapani. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Kilipofika mwisho, pale penye sahihi yangu, alikiacha hapo kidogo.

Kisha akaja mlangoni akaketi mahali pake, kwa sababu watu walikuwa wameshaanza kupanga foleni.

Wa kwanza alikuwa mkulima kutoka Ntimaru, mtu wa makamo aliyevaa koti zito kwenye joto. Alikuwa ameondoka kwao alfajiri. Alitoa pakiti iliyofungwa kwa kitambaa, akaieleza kabla hajaulizwa.

"Mama, mbili ya kopa ilipotea. Binti yangu amenichorea nyingine. Amechora vizuri, tazama."

Refa aliitazama. Ilikuwa ya karatasi ngumu ya boksi, imekatwa sawasawa, kopa mbili zimepakwa kalamu nyekundu kwa uangalifu, hakuna ukingo uliopitiliza.

"Huyu binti ana mkono," akasema Refa. "Mpeleke kwa fundi." Kisha akageuka. "Mwenyekiti, njoo."

Nikaenda. Wale watatu wa Homa Bay walikuwa nyuma yangu na fulana mpya za mashindano. Mimi nilikuwa nimeshavaa yangu.

"Huyu ametoka Ntimaru," akasema Refa. "Pakiti yake ina mgeni mmoja. Tufanyeje?"

"Kanuni ni kanuni, Refa."

"Aliziandika nani?"

"Tulikubaliana."

"Wewe na nani?"

Nilivuta ukosi wa fulana yangu. Mmoja wa wale watatu akasema kwa adabu, "Mama, tusipoteze muda, arudi tu mwaka ujao akiwa na pakiti safi."

Mkulima alianza kufunga kitambaa chake. Mikono ilimtetemeka, nami niliiona. Bado ningeweza kusema neno. Lilikuwa neno moja, na lilikuwa langu kulisema, kwa maana mwenyekiti alikuwa mimi. Nikatazama karatasi iliyokuwa ukutani kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

Refa akasimama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotushtua sisi tuliomzoea. Alimwambia mkulima, "Twende, ndugu, nikusindikize stendi. Umekula?" Wakatoka pamoja. Kupitia dirishani nilimwona akicheka kwa jambo ambalo yule mtu alimwambia. Hakurudi ukumbini.

Jumapili iliyofuata nilikwenda barazani kwake. Vyerehani vilikuwa mahali pake pa siku za kazi na meza zimewekwa ndani. Alinisalimia vizuri kabisa, akanipa suruali yangu ya kijivu, imekamilika, imepigwa pasi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Tulihamishia meza kwenye hoteli moja karibu na soko. Tukafuata kanuni zote saba. Wageni walikuja wachache, wakahesabiwa pakiti mbele ya kila mtu, wakaondoka, wakaeleza wenzao. Mwaka ulipoisha tulibaki wazee watano wenye pakiti safi, na kila mmoja alimjua mwenzake mpaka pumzi. Unaweka karata, unajua atakachojibu. Wale wa Homa Bay hawakuja mara ya pili. Na Refa alikuwa amefunga duka, amehamia huko huko Homa Bay kwa binti yake, ambaye naye ni fundi. Alipoondoka sikwenda kumuaga. Nilijiambia nina homa.

Mwaka jana nilitumwa Homa Bay, hospitali, kupimwa macho. Nilifika Jumapili ili niamkie foleni ya Jumatatu. Nikauliza sokoni, kwa wauza samaki, wapi kuna mama fundi mwenye sauti kubwa. Hawakunielekeza. Waliniambia, "Tega sikio tu, mzee."

Baraza lilikuwa jembamba kuliko la Migori, meza sita badala ya nne, watu wamebanana. Wauguzi wasio na zamu, wavuvi, mwalimu mmoja, akina mama wawili na vikapu vyao. Katika kila meza niliona karata zimelala wazi. Alikuwa mlangoni, nywele zimekuwa nyeupe, pini iko begani.

"Eeh!" akapiga ukelele. "Mumeona nani? Huyu ndiye mtu wa pekee Migori ambaye suruali yake niliimaliza!" Akanishika mikono yote miwili. "Jaduong', umekonda. Nani anakupikia?"

"Ninajipikia."

"Ndiyo maana. Leteni chai hapa!"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipoketi yakanitoka vibaya, bila mpangilio: kwamba nilikosa, kwamba sikulazimishwa na mtu, kwamba nilipenda cheo, kwamba nilipaswa kumwambia mapema na niliogopa uso wake. Alinisikiliza bila kunikatiza, na kwake hilo ni jambo kubwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mimi nilikusamehe siku ileile, kabla sijafika stendi. Yule mtu wa Ntimaru alinichekesha sana. Alisema, 'Mama, yule mwenyekiti wenu fulana inambana, labda ndiyo iliyomkata sauti.'" Akacheka mpaka akafuta macho, nami nikacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kucheka mpaka mbavu ziume.

Akanikalisha kwenye meza ya wauguzi. Binti mmoja mdogo alinilisha tatu mara mbili mfululizo, akanitangazia "Niko kadi, babu, pole," akamaliza. Refa alitazama akiwa amesimama, ameridhika kama aliyeshinda yeye.

Jua lilipoanza kushuka nilimwomba. "Refa, rudi Migori. Hata kwa mwezi mmoja. Meza inakuhitaji."

"Mko wangapi?"

"Watano."

"Na wageni?"

Nikatazama zile meza zake sita.

Aliweka mkono begani pangu. "Ndugu yangu, sina kinyongo. Lakini mimi kazi yangu ni mlangoni. Kule mlango ulifungwa, hapa nikapata mwingine. Jumapili zangu nimeshawapa hawa. Nikiondoka, kesho akija mtu na pakiti yake ya kuchora, nani atageukia ukuta?"

Alinisindikiza mpaka barabarani, akanionya nile usiku, akarudi mbio kwa sababu walikuwa wanamwita akaamue.

Meza ya Migori haipo tena. Wazee watano tuliifunga wenyewe, hatukugombana, tulikosa tu la kuambiana. Uenyekiti wa kaunti mbili ulidumu kwa mashindano yale tu. Refa hupiga simu siku za sikukuu, tunacheka, ananiuliza ninakula nini. Lakini nilikuwa na rafiki niliyeketi naye kila Jumapili, na mahali ambapo nikichelewa nafungiwa nje kwa sababu nilikuwa natarajiwa. Vyote viwili nilivitoa mimi, kwa sahihi yangu, kwa ajili ya cheo. Sasa Jumapili baada ya misa narudi nyumbani, nafunga mlango, na hakuna anayeningoja popote.